Chupa Imeshatiwa Maji

...na si ati anaichukia hiyo chupa, chupa haina makosa, ni hiyo mikono, mikono ya mathe, mamake, vile inaizungusha katikati ya viganja polepole kama mtu anaota moto, mbele nyuma, mbele nyuma, bila kuitikisa, juu sista wa kliniki alimwambia ukiitikisa itatoa povu na povu haiingizwangi kwa mshipa, na mathe kitu akishaambiwa na mtu wa koti nyeupe anaishikilia kama amri ya kanisa, mbele nyuma, midomo nayo inaenda, anaomba, Ngai huku Bwana kule, nusu Kikamba nusu Kiswahili, na Mulei amelala hapo kwa kitanda, goti imevimba ikatoshana na kabichi, ngozi imevutika hadi inang'aa kama kiatu ya karao wa polisi, anaangalia hiyo unga nyeupe ikikataa kuyeyuka na anaskia kutapika. "Hii nayo itashika," mathe anasema bila kuinua macho, "hii haijalala kwa friji ya mtu, hii nimeitoa hospitali nikiwa nimeificha hapa," anaonyesha kifua na kidevu, "hakuna mkono mwingine umeigusa..." na hapo kwa itashika ndio Mulei anageuza uso, juu haitashika, anajua haitashika, amejua tangu kabla ya watu wapige kura, na ulimi alikuwa nao, mdomo ulikuwa hapo hapo chini ya mapua, alimwona sai tu akitoa kifuniko, akivuta maji na sindano, akiyasukuma ndani ya unga, na hakusema kitu, aliangalia mabati, alihesabu kutu. Ikiwa kavu hiyo dawa ingengoja. Ikishatiwa maji haingojangi mtu, ni masaa machache halafu ni ya kumwaga kwa mtaro pamoja na mavi za watu wa Soweto West hapa Kibera, na yeye aliona maji ikiingia na akameza mate, basi, hiyo ndio kazi yote alifanya leo, kumeza mate.

"Nyoosha huo mguu kidogo," mathe anasema, na Mulei hanyooshi, haiwezi nyooka, ndani ya goti ni kama mtu amemimina uji moto akafunga kifuniko, na nje ya mabati redio ya jirani inaongea amani, mwanaume wa sauti ya sukari anawaambia Wakenya sisi ni ndugu, amekuwa akisema hivyo tangu asubuhi, angekuja tu aseme hivyo hapa kwa barabara ya Sarang'ombe aone vile ndugu zake watampokea, na kule chini kwa reli kelele inapanda inashuka, na tiyagesi ya jana bado imelala kwa blanketi, ukijifunika unalia kama umefiwa. Kuna wasee wawili wameegemea ukuta upande wa nje, hawajui mabati haina siri, ama wanajua... "Mkamba ni Mkamba, buda, hao wameshapewa kiti yao huko juu serikalini, wametuuza," na mwingine anasema "hiyo iko kwa damu," na wanacheka, iko kwa damu, Mulei anataka kugonga ukuta awaambie kujeni basi, ingieni, nyinyi mnapenda sana mambo ya damu, kujeni muone yenye iko na shida ya ukweli, hii haijui hata kabila, hii imeanza kupigana na dawa yake yenyewe. Sista aliitia jina. Inhibita. Ilikuwa Desemba, mathe alikuwa ameenda kutafuta choo, na sista akavuta kiti karibu, mama mnono wa sauti chini, akasema wewe sasa ni mtu mzima, wacha nikuambie wewe kwanza halafu tutajua vile tutamwambia mama. Fakta, si unajua ni ile kitu ya kugandisha damu, ile wewe ulizaliwa bila, tumekuwa tukikuongezea na hizi chupa, sasa mwili yako imeshaijua, inaiona kama mwizi, ukidungwa tu inaivamia kabla ifanye kazi. Mulei akauliza ni kama imeexpaya? Akasema hapana, dawa iko sawa kabisa, ni wewe. Ni wewe. Alisema na huruma, hiyo ndio mbaya zaidi, hiyo huruma ilikuwa inanuka sabuni ya hospitali. Akaeleza ati walichukua damu yake wakachanganya na damu ya mtu hana shida, juu kwa kawaida ile nzima inaisaidia ile mbovu, zinaganda pamoja, lakini yake ikakataa, yake ndio iliingia kwa ile nzima ikaizuia kuganda. Kama maziwa. Kama vile yule jamaa wa maziwa anatupanga, anachanganya ya jana na ya leo, na ya leo ndio inalala, inachachuka. Tangu siku hiyo Mulei hawezi kunywa chai ya maziwa, mathe anadhani ni maini inamsumbua, anampikia maini ya ng'ombe ati iongeze damu, maini kila ikipatikana, iko hapo kwa sufuria sai, imekuwa ya rangi ya kijivu, imetoa povu pembeni, na inzi moja ndio mgeni.

"...wakaniuliza wewe ni wa wapi," mathe anaendelea na hiyo stori ya jana, ameisimulia kila akipumzika kuomba, "hapo kwa magogo wamefungia barabara, vijana nimewauzia muthokoi ya mahindi tangu wakiwa na kamasi, ati mama toa kitambulisho, nikawaambia kitambulisho yangu ni hiyo sahani yenye ulikulia deni ukakimbia..." na anacheka, mathe anacheka, na Mulei anajua hakucheka huko, alirudi na kiatu moja na leso imepasuka na shavu moja ilikuwa imesimama kuliko ingine, na chupa ilikuwa kwa kifua ikiwa salama kama mtoto wa mfalme. Alitembea hospitali na kurudi kwa ajili ya hiyo chupa. Chupa ya mwisho kwa hiyo kabati, sista aliyekuwa zamu, si yule mnono, mwingine, alimpea tu juu alimwonea huruma akilia, hakusoma faili. Na Mulei angemwambia usiende. Jana hiyo, akivaa kiatu, angesema mathe kaa, usiende kupigwa kofi kwa ajili ya maji. Lakini goti ilikuwa inapiga kelele na kuna kitu ndani yake ilipenda, manze, hiyo ndio inamtoa mate chungu, ilipenda kuona mtu akivaa kiatu kwa ajili yake. Na zaidi ya hiyo kuna hiyo ingine. Sista alimuuliza, kuna wakati ulidungwa dawa mingi sana kwa mpigo? Akasema Agosti. Ilikuwa nini Agosti? Akaangalia chini akasema nilipashwa tohara. Sista akaandika, akasema taratibu, wakati mwingine huwa inaanzia hapo, dawa mingi, siku mfululizo, mwili inashtuka. Agosti. Madaktari walikuwa wamesema huyu wacheni, haina haja, na mathe akawaambia nyinyi hamjui kwetu, kwetu Kitui kijana wa miaka ishirini hajapashwa ni mtoto, hata akikufa watamzika kama mtoto, na akazunguka ofisi hadi ofisi hadi wakampangia, chupa asubuhi, chupa jioni, wiki nzima, chupa za kutoka ng'ambo, na akapona bila tone kupotea, na mathe akapika, akaimba hapa kwa ploti, akamwambia kila mtu kijana yangu ni mwanaume. Na Mulei naye alitaka! Asijidanganye, alitaka kuliko yeye, alikuwa amechoka kuoga akiwa ameangalia ukuta wakienda ocha kijijini. Na sai vile watu wanasimamishwa kwa barabara wanavuliwa suruali wakaguliwe, mathe anasema kila siku unaona, unaona vile Mungu alinionyesha mbele? Ukimwambia ni nini iliharibu dawa, atauliza ilianza lini, mathe si mjinga, mathe atahesabu na vidole hadi Agosti, na hapo vidole zitasimama. Kwa hivyo ananyamaza kumlinda. Anamlinda, sivyo? Hiyo ni uongo mzuri, imenyooka, iko na kola. Anamlinda na Fatna analipa.

Fatna. Hapo ndio kichefuchefu inapanda hadi kwa meno. Fatna mwenye ploti, Mnubi mnene wa pete mingi, na duka yake hapo mbele na friji ya soda, friji pekee inafanya kazi kwa hii laini yote, na miaka hizo zote chupa za Mulei zimekaa humo, katikati ya Fanta na Krest, ndani ya mkebe ya bluband, na mlevi akiingiza mkono mbali sana akitafuta ya baridi Fatna anamwambia gusa hiyo mkebe uone vile nitakukata huo mkono, hiyo ni dawa ya mtoto yangu. Ya mtoto yangu. Hajawahi kuitisha hata shukrani. Halafu Novemba Mulei akablidi kiwiko, damu ikavujia ndani, wakadunga, haikushika, wakadunga ingine, haikushika, na stima ilikuwa imepotea hiyo wiki, na mathe akaweka moja na moja pamoja akapata Fatna. Akasimama katikati ya ploti na leso kiunoni. "Unazima friji usiku uokoe stima, unaua mtoto yangu juu ya bili!" Na Fatna, mkono kwa kichwa, "Syokau, wallahi sijazima hiyo friji hata siku ya Idi, shika, njoo uishike mwenyewe uone vile iko baridi," na mathe, "nyinyi Wanubi mnadhani hii Kibera mlipewa na Mungu, na sisi wapangaji ni mbuzi zenu..." na watu wakatoka kwa milango na miswaki mdomoni kuangalia. Novemba Mulei hakujua, sawa, hiyo wacha iende. Lakini Desemba alijua. Desemba alirudi kutoka kliniki akiwa anajua, akapita mbele ya duka na magongo, na Fatna akamwita, "Mulei, mtoto yangu, mguu unaendeleaje?" na akaangalia mkebe ya bluband bado iko humo, tupu, ameiosha, na akasema "poa tu" akapita. Poa tu. Na vile goti ilianza juzi, Fatna alisikia akilia usiku kupitia ukuta, asubuhi akatuma barafu kwa karatasi, na mathe akaichukua na vidole viwili kama panya imekufa akaitupa kwa mtaro mbele ya watu, na Mulei akaiona ikielea hapo, nyeupe, kwa hayo maji meusi, goti ikiwaka moto, na akanyamaza. Hiyo barafu aliitaka kuliko chakula. Kunyamaza ilikuwa rahisi zaidi.

"Imeanza," mathe anasema, anainua chupa kwa mwanga wa dirisha, "karibu... bado iko na madonge hapa chini," na anarudi kuzungusha, mbele nyuma, na Mulei anawaza juu ya Shivachi, amekuwa akikwepa kumuwaza tangu asubuhi na sasa Shivachi ameingia tu kama kawaida yake, bila kubisha, na ile harufu yake ya gundi ya viatu. Fundi wa viatu wa Kawangware, mkubwa kwake na miaka mingi, ana mguu moja fupi juu ya kublidi tangu utotoni, macho ya manjano juu kabla ya chupa zianze kukuja walikuwa wanampea damu ya watu ovyo ovyo na damu moja ikamwachia maini mbovu, na bado anaingia kliniki akipiga kelele, "niaje wakubwa! Leo nani amevuja?" Yeye ndio alimfunza Mulei kutafuta mshipa, alimfunga mkono na mpira wa tyubu ya baiskeli, akampiga piga hapo kwa kiwiko, "ita, ita, mshipa ni kama dem, ukimharakisha anajificha," na masista wakacheka na Mulei akamchukia, alimchukia kila wakati, hayo macho, hiyo gundi, hiyo kucheka, juu kila akimwangalia alijiona yeye mwenyewe akiwa mzee. Na asubuhi, mathe ameenda maji, simu ikalia. "Mulei? Ni Minayo, bibi ya Shivachi, skiza haraka kredo inaisha na huku hakuna duka iko wazi. Wamempiga jana, hapo karibu na soko, rungu kwa nyonga. Hawezi nyoosha mguu, tumbo huku chini imekuwa ngumu kama ubao, anasema ni ile ya ndani. Kliniki wanasema kabati ni tupu, mtu wa mwisho amepewa jana. Mama yako alikuwa huko jana, sivyo? Hata kama ni nusu, Mulei. Hata kama ni nusu." Na nyuma yake hiyo sauti, ikiwa nyembamba lakini ni yeye, "Mwambie Mkamba... kama hana dawa atume muthokoi!" halafu akajaribu kucheka na kitu ikamkata, ikatoka sauti ingine, sauti yenye Mulei anaijua juu amewahi kuitoa, hiyo haitokangi kwa mdomo, inatoka chini. Mulei akasema, "Wacha nione." Simu ikakata. Wacha nione, nione nini? Chupa ilikuwa hapo kwa meza ikiwa kavu. Shivachi mwili yake bado inakubali, akidungwa kitu inashika kama hiyo gundi yake, kila mtu kliniki anajua. Hiyo unga kwa mkono wa Mulei ni maji ya chumvi, mbaya kuliko maji ya chumvi, sista alisema kila ukijidunga unaiamsha zaidi hiyo kitu. Kwa mkono wa Shivachi ni jioni ingine, ni kesho, ni viatu za watu. Na mathe akarudi na mtungi, akaweka chini, akapanguza mikono, akachukua chupa, na Mulei akahesabu kutu.

Na si ati hakuna njia. Angekuwa na hiyo ya kujiambia angekuwa na amani, njia zimefungwa, moto kila mahali, Kawangware ni mbali, nani atapita? Mathe hawezi, hapo kwa magogo leo hawatampiga kofi, watampiga kitu ingine. Yeye mwenyewe hata choo hafiki. Lakini Fatna anapita. Fatna anapita kila siku, msichana yake Leila ameolewa Kawangware na ana mtoto mchanga, na Fatna na buibui yake na kikapu ya unga anapita katikati ya hao vijana akiwatukana na majina ya baba zao, na wanasogeza mawe, "pita Mama Fatna," na anaenda na anarudi. Sai yuko hapo. Mulei anamskia, nyuma ya huu ukuta, anaburuta kreti za soda, anakohoa tiyagesi. Ni mlango moja. Ni mathe kutoka kwa huu mlango aingie kwa ule akiwa na chupa mkononi, aseme kwanza ile kitu hajawahi kusemea mtu tangu Mulei azaliwe, nilikukosea, na ndio aseme hiyo lazima ajue alikosea, na ndio ajue... na hapo Mulei anarudi pale pale, anazunguka kama hiyo chupa, na anagundua ile kitu inamtapisha si maini, si tiyagesi, si mikono ya mathe. Ni vile amekuwa akijilamba. Amekaa hapa kwa kitanda akilamba hiyo siri kama paka inalamba kidonda, akiita uchungu, na ilikuwa tamu, ilikuwa tamu kuwa mtoto wa kufanyiwa vita, mathe anampigania na Wanubi, anampigania na madaktari, anapigwa kofi na vijana, na yeye amenyoosha tu mkono. Mwanaume, aliimbiwa hapa kwa ploti. Mwanaume gani. Shivachi na tumbo imekuwa ubao anatuma salamu za muthokoi. Na wale wasee bado wameegemea mabati, sasa wanaongea juu ya mpira, ni nani alifunga, wamesahau Wakamba, na redio inasema ndugu, ndugu, na inzi imetoka kwa maini imekuja kwa goti, inatembea hapo kwa ngozi imekazwa na Mulei haifukuzi, anaiangalia, anaskia miguu zake ndogo ndogo zote, na anajua sasa vile mathe atamwangalia, anaiona hiyo sura kabisa, vile itaanguka, vile vidole zitahesabu hadi Agosti, na pengine atamchukia, na pengine atajichukia mwenyewe, na hiyo ni mbaya zaidi, na bado ni lazima. "Mama," anasema. "Mmh." Mbele nyuma. "Hiyo usinidunge." "Nyamaza, mtu mzima na bado unaogopa sindano," mathe anasema, anainua chupa kwa dirisha, anafinya jicho moja, "iko karibu, madonge imebaki kidogo tu. Leta mkono." Mulei anaukunja mkono, anauweka chini ya mgongo, anaulalia na uzito wake wote. "Mama, sista aliniambia kitu Desemba ukiwa umeenda choo," anasema, sauti imetoka kavu, si ya mtoto si ya mwanaume, na mathe hajageuka, macho bado iko kwa chupa, "wacha stori, Mulei, leta mkono," mbele nyuma, mbele nyuma, na Mulei anavuta hewa yote iko kwa hiyo nyumba, tiyagesi na maini na yote, na anaanza.